Nyongeza Iliyonipata Peke Yangu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike, nakufupishia.

Naitwa Rafaeli. Mwaka 1996 nilikuwa karani wa mizani kwenye kinu kimoja cha kusaga nafaka hapa Sumbawanga. Jina la kinu nalificha, maana nimeshapata matatizo ya kutosha na sitaki kuongeza la mahakamani. Kilikuwa mali ya umma, kikauzwa kwa kampuni, na kampuni ikatuletea Meneja kijana kutoka mbali, mwenye suruali za kupigwa pasi zikasimama na brifkesi inayofungwa kwa namba.

Chini ya serikali mshahara wetu ulikuwa mdogo, lakini kila Julai ulikuwa unaongezeka kidogo bila mtu kuomba. Tulikuwa tunaicheka ile nyongeza, tunasema imekuja hela ya chumvi. Kinu kilipouzwa, Julai mbili zikapita kavu. Hata ya chumvi hatukuiona, ndipo tukajua kumbe tulikuwa tunaipenda.

Mimi niliihitaji kuliko wote, na sababu yake ilikuwa msichana anayeitwa Minza. Alikuwa anatuletea maziwa ya mgando getini kila asubuhi, kutoka kwao upande wa barabara ya Mpui, ambako baba yake, Mzee Masunga, alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nilianza kwa kununua kikombe kimoja. Nilipofikia vikombe vinne kwa siku, naye akaelewa kwamba si kiu.

Nilipokwenda kujitambulisha kwao, mzee aliniuliza mshahara wangu, nikamtajia. Akauliza mwaka jana ulikuwa ngapi. Nikamtajia uleule. Na mwaka juzi? Uleule.

"Kwangu hapa, ndama akimaliza mwaka bila kukua namwita bwana mifugo," akasema. "Nenda, kijana. Ukiongezwa hata kidogo, rudi na barua niione."

Basi wiki jana tuliachana pale wenzangu thelathini na tisa waliponichagua mimi, wa arobaini, niende kwa Meneja kudai nyongeza ya Julai ya tatu. Walinichagua kwa sababu moja tu: kinu kizima hapakuwa na mtu mwenye adabu kama mimi. Nakuomba usinicheke mapema.

*

Nilivaa koti la marehemu baba, nikapaka viatu mafuta ya kupikia, nikapanda ngazi.

Sasa lazima nikueleze jambo, hasa wewe unayesoma ukiwa mbali na huku. Kwetu Ufipa mtu haingii kwa watu akamwaga shida yake mlangoni. Unakaa. Unapiga makofi taratibu. Unaulizwa za nyumbani, unasema nzuri, hata kama nyumba imeezuliwa na upepo jana. Unaulizwa wagonjwa, unasema wanaendelea vizuri, hata kama mmoja umemwacha hoi kitandani. Salamu zikiisha mnanyamaza kidogo, unakohoa, unasogea mbele ya kiti, halafu ndipo unasema "ila". Kila kilichokuleta kiko baada ya hiyo "ila".

Meneja alikuwa amekaa kwetu miezi minane. Nadhani katika miezi yote hiyo alijifunza jambo moja tu kuhusu sisi, na jambo lenyewe ndilo hilo.

Alinikaribisha kwa mikono miwili. Akanipa kiti cha wageni, kile chenye mto wa foronya. Pembeni alikaa sekretari wake na daftari, anaandika. Nikadhani ana shughuli zake.

"Karibu sana, Bwana Rafaeli. Habari za nyumbani?"

Zamani tulikuwa tunaitana Ndugu. Kampuni ilipokuja tukawa mabwana wote, na ubwana huo haukuja na senti. Nikamjibu kwamba nyumbani ni kuzuri.

Akauliza wazee. Nikasema hawajambo. Akauliza wenzangu kule chini. Nikasema wazima wote, wanakusalimia. Akauliza kazi. Nikasema kazi nzuri, tunashukuru. Nilianza kumpenda yule kijana. Nikajiambia, kumbe kwao wamemlea.

"Na chakula?" akauliza. "Chakula kipo?"

"Kipo, Bwana Meneja. Mwaka huu mahindi yamekubali."

Tukanyamaza. Huo ndio unyamavu wenyewe. Nikakohoa. Nikasogea mbele ya kiti. Midomo ilikuwa imeshajipanga kusema ile "ila".

Simu ikalia.

Meneja akainua, akasikiliza, akafunika mahali pa kusemea kwa kiganja. "Nashukuru sana kwa maelezo yako, Bwana Rafaeli," akasema. "Nimekuelewa kabisa. Hawa ni makao makuu. Weka sahihi yako hapo kuonyesha kwamba umefika."

Sekretari akanisogezea daftari. Nikaweka sahihi, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Nilifika uani na "ila" yangu ikiwa bado mdomoni.

*

Hapa ndipo ninapoanza kuungama. Wenzangu walikuwa wamesimama duara wananisubiri, vumbi la unga limewaganda hadi kwenye kope. Mbele yao alikuwepo Shangazi Coleta, mshona magunia, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ila sote tulimwita hivyo kwa sababu alitutangulia kazini na alikuwa hatuogopi. Akaniuliza imekuwaje.

Ningeweza kusema kweli. Ningesema, jamani, sikufika kwenye neno lenyewe. Badala yake nikasema tumezungumza vizuri, na Meneja amesema amenielewa kabisa.

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo tabia yangu mbaya niliyonayo hadi leo, sisemi uongo, napanga ukweli.

Walipiga makofi. Yonas, fundi wa mashine, kijana mwenye mabega ya kubebea injini, alininyanyua juu juu akanizungusha uani mara mbili. Jioni ile walininunulia kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, na mrija wangu ulichaguliwa mrefu kuliko mingine ili nifikie chungu bila kuinama. Nilifyonza kimya kimya, huku najiambia labda kweli amenielewa.

*

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, barua zilikuja. Bahasha arobaini za kaki, kila moja na jina la mtu.

Yonas alifungua ya kwake kwanza, akasoma kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie.

"Kwa kuzingatia maelezo ya mwakilishi wenu, kwamba kazi ni nzuri, wote ni wazima, na chakula kipo, Uongozi umeona hakuna haja ya nyongeza kwa mwaka huu."

Akafungua ya jirani yake. Ni hiyohiyo. Wakafungua wengine, maneno ni yaleyale, jina tu ndilo linalobadilika. Yangu nilikuwa nimeishika bado haijafunguliwa, kwa sababu watu thelathini na tisa walikuwa wamegeuka kunitazama.

"Mshikaji," Yonas akasema, "ulimwambia chakula kipo?"

"Aliniuliza."

"Ukasema kipo?"

"Alikuwa ananisalimia, Yonas."

Nikawasimulia yote, kiti cha foronya, makofi, wazee hawajambo, simu. Nilisimulia nikitazama viatu. Nilijua kwamba nikimaliza watanipiga, na nilikuwa nimeanza kuchagua upande gani wa uso nigeuze kwanza.

Shangazi Coleta alichomeka sindano yake ya magunia kwenye kilemba. "Mnamtolea macho ya nini?" akawauliza. "Mimi nilimzika mume wangu asubuhi. Mchana akaja mgeni kutoka Kaengesa, hana habari, akaniuliza za hapa. Nikamwambia nzuri. Halafu ndipo nikamwambia msiba. Huyu mtoto amenyimwa nafasi ya kusema msiba, ndilo kosa lake. Haya, nani hapa angesalimiwa akajibu mbaya? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Wote tulikuwa tumelelewa na mama zetu. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na punde ua mzima ukawa unacheka, kicheko cha hasira lakini kicheko. Walimcheka Meneja kwa ujanja wake, wakanicheka mimi na makofi yangu. Yonas akanikumbatia. Wakakubaliana kwamba Jumatatu kila mmoja atakuja na barua yake, zirundikwe pamoja, turudi nazo kwa Meneja, na safari hii tuanze na "ila".

Nilikuwa nimesamehewa. Nilisikia raha ya mtu aliyetolewa jino.

Nikaenda nyuma ya mizani, nikafungua bahasha yangu ili nijionee mwenyewe kwamba kazi ni nzuri na chakula kipo.

"Bwana Rafaeli. Kwa kutambua ushirikiano wako mzuri na Uongozi, mshahara wako unaongezwa shilingi mia nane na hamsini kwa mwezi kuanzia Julai hii."

Ningependa kukuambia kwamba moyo uliniuma. Uliniuma, lakini baadaye. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha, furaha ya kijinga ya kutaka kuruka. Mia nane na hamsini haikufika hata kilo mbili za sukari, lakini mshahara wangu ulikuwa umekua. Nilimwona Minza. Nilimwona Mzee Masunga anavaa miwani.

Wenzangu walikuwa bado wanacheka kule uani. Nikaikunja barua, nikaisukuma ndani ya soksi.

*

Jumamosi niliazima baiskeli nikashika barabara ya Mpui. Upepo wa Julai kule juu unapiga kama umetumwa, lakini mimi nilikuwa natoka jasho la raha.

Mzee Masunga alikuwa zizini. Nikamwamkia kwa Kisukuma, maneno mawili matatu niliyofundishwa na binti yake, halafu nikaongeza shikamoo kwa usalama. Akaitika zote. Hakupoteza muda na salamu ndefu, huyu si Mfipa. Akanyoosha mkono wa barua.

Macho yake yalikuwa mabovu, hivyo Minza ndiye aliyesoma. Alisoma wima kama yuko mbele ya darasa, na alipofika kwenye mia nane na hamsini sauti yake ikatetemeka kidogo. Naapa ilitetemeka.

Mzee akaanza kupiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi.

"Kwa mwaka mzima hii inanunua mguu mmoja wa ng'ombe," akasema. "Mguu wa mbele. Miaka minne unapata miguu yote. Wa tano unaleta kiwiliwili." Akacheka hadi akashika mti wa zizi. Mimi nikacheka naye, ningefanya nini. Kisha akafuta macho, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Lakini umekua, kijana. Nilisema hata kidogo, na umeleta kidogo. Mimi sirudi nyuma kwenye neno langu. Mwambie baba yako mdogo alete washenga."

Msomaji, nilitaka kulala chini nigaegae kama punda.

Minza akanisindikiza hadi penye baiskeli. Akaniuliza wenzangu je, nao wamepata?

"Wote wamepata barua," nikasema.

Akafurahi kwa ajili yao. Akasema Jumatatu atampongeza Shangazi Coleta, maana yule mama amesubiri nyongeza tangu kinu kiuzwe. Nikamshauri Jumatatu apumzike, asije mjini. Akaniuliza ng'ombe nao wapumzike kukamuliwa?

Nikarudi kwa mzee kuomba barua yangu. Akasema inabaki hadi kesho, kaka yake mkubwa anakuja, na huyo kaka ndiye aliyesema kwamba karani wa Kifipa hawezi kuongezwa hata chumvi kwenye ugali. Anataka akimwonyesha amwonyeshe kwa maandishi. Ningekataaje? Mtu amenipa binti yake, mimi nimnyime karatasi? Nikapanda baiskeli bila barua.

*

Jumatatu asubuhi Shangazi Coleta alitandika gunia tupu katikati ya ua. Kila mtu akapita, akaweka barua yake juu. Yonas akawa anahesabu kwa sauti. Akafika thelathini na tisa, akasimama.

"Ya arobaini iko wapi?"

Walikuwa hawana shaka nami, walitaka tu kujua. Uso wangu nadhani ulibadilika rangi, maana Shangazi Coleta alinikazia macho, kisha yake yakalegea kwa huruma.

"Uliichana," akasema.

Sikusema ndiyo. Naomba iandikwe hivyo, sikusema ndiyo. Nilitazama chini.

Ua ulilipuka. "Sisi tumezikunja kama wake wenza wanaogombana kwa adabu," Yonas akasema, "mwenzetu amechana!" Walinipiga mgongoni hadi nikakohoa unga wa wiki nzima. Mtu akasema hao ndio wanaume. Mwingine akasema kumbe upole wake wote ule ulikuwa umeficha chui. Kabla sijajinasua nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati, wa kwanza kumkabili Meneja, na akishindikana, wa kwanza kwenda kwa Afisa Kazi wa mkoa.

Nitakuambia la aibu kuliko yote. Kifua kilinijaa. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai niliamini kwamba kweli niliichana.

Kisha nikainua macho, nikamwona Meneja dirishani kwake juu. Alikuwa ananitazama mimi peke yangu. Akatabasamu, akatikisa kichwa kidogo, namna unavyomtikisia kichwa mtu wa upande wako. Hakuna mwingine aliyemwona. Chui aliyekuwa ndani yangu akaondoka hapohapo.

Na Minza akaingia getini na vibuyu vyake.

Shangazi Coleta akamwita kwa bashasha, akamwambia leo amiminie mwenyekiti kwanza, halafu akamsimulia yote, barua thelathini na tisa za kuambiwa chakula kipo, hakuna hata mmoja aliyepata senti, na huyu Rafaeli wake alivyochana ya kwake kwa hasira. Nilimtazama Minza anavyosikiliza. Hakubadilika. Akapiga magoti, akaanza kumimina. Akawapa wote. Mimi akaniacha wa mwisho.

Aliponipa kikombe alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye maziwa.

"Ulisema wote wamepata barua."

"Wamepata."

"Rafaeli."

"Nilikosea," nikasema. "Nilikutaka wewe kuliko nilivyotaka kusema kweli."

Alifuta mdomo wa kibuyu. "Baba amenipa ya kwako nikurudishie. Jana nilimsomea baba mkubwa upande wa mbele. Nyuma sikumsomea. Wewe nyuma uliisoma?"

"Nyuma kuna nini?"

Hapo ndipo aliponitazama. Alinitazama muda mrefu, akitafuta kitu usoni kwangu, na nadhani alikipata, kwa sababu mabega yake yalishuka.

"Nimetembea tangu alfajiri najiuliza hilo," akasema. "Kama ungekuwa umeisoma, nilikuwa nimekuja kukurudishia na kanga zako ulizoninunulia."

Akafungua pindo la kanga, akanitolea ile barua imekunjwa vilevile. Nikajifanya nakunywa maziwa, nikaigeuza nyuma ya kikombe. Kweli palikuwa na maandishi. Siku hizo kampuni ilikuwa imeanza kubana matumizi, ikapiga chapa pande zote mbili za karatasi, na mimi kwa miaka yangu yote ya ukarani nilikuwa sijawahi kupata barua ya ofisi yenye mgongo.

"Nyongeza iliyotajwa ni kwa ajili ya kusimamia zoezi la kupunguza wafanyakazi," iliandikwa. "Unatakiwa kuwasilisha majina kumi na mawili kabla ya Ijumaa hii. Kwa kuwa wanakuamini, Uongozi unaona wewe ndiye unayefaa. Jambo hili ni siri."

Nikashusha kikombe.

Nikawatazama watu wangu pale uani, vikombe mkononi, masharubu meupe ya maziwa. Naona haya kusema hili, lakini akili yangu ya ukarani ilianza kuhesabu yenyewe. Mshona magunia, mzee sana, mashine itaweza. Msaidizi wa fundi. Wafagiaji wawili. Nilifika wa tano kabla sijajizuia.

"Kama ukiirudisha kwenye soksi mimi sitamwambia mtu," Minza akasema. "Na baba ameshakubali, hatarudi nyuma. Lakini mimi bado sijasema."

Shangazi Coleta alikuwa amekusanya zile barua kifuani. "Mwenyekiti, sema neno moja twende," akaniita. "Maziwa yasikulevye."

Miguu yangu ilikwenda yenyewe, nisingeiamuru. Nilifika kwenye gunia, nikampa Yonas ile karatasi.

"Sikuichana," nikasema. "Ni hii hapa. Niliificha tangu Ijumaa, na nimeshaitumia kupata mchumba. Wasomee watu."

Yonas alicheka kwanza, akidhani natania. Halafu akasoma. Alisoma ushirikiano mzuri na Uongozi. Alisoma mia nane na hamsini. Alisoma polepole zaidi kila neno, na kadiri alivyosoma ndivyo kicheko kilivyomtoka usoni.

Sijawahi kusikia kinu kimya namna ile, hata siku za umeme kukatika. Shangazi Coleta, aliyenitetea mara mbili katika siku nne, alinitazama kama mgeni aliyepotea njia. Nyuma mtu akatamka neno ambalo mhariri hatakubali nilichapishe. Yonas akaikunja barua, akanijia nayo, na mkono wake mwingine ulikuwa umefumba ngumi.

Juu yetu dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Meneja akaita jina langu, mara ya kwanza kwa utulivu, mara ya pili bila utulivu, akisema barua za ofisi ni siri na ile irudishwe kwake sasa hivi. Na tayari alikuwa anashuka ngazi, tulisikia viatu.

"Nipige," nikamwambia Yonas. "Lakini maliza kwanza. Ina upande wa pili."

Minza akaacha vibuyu vyake chini, akaja akasimama karibu yangu. Yonas akamtazama yeye, akanitazama mimi, akafumbua ngumi, akageuza karatasi.